Ndege ya Vita ya Lambo la Mwabusule

Mwaka jana lambo la Mwabusule lilikauka mpaka ng'ombe wakawa wanakunywa tope. Na katikati ya tope ukachomoza mkia wa ndege ya vita.

Mkia kabisa. Umesimama wima kama pezi la sangara, umeliwa na kutu, na ubavuni una duara la rangi iliyofifia.

Picha yake iliingia kwenye simu ikanikuta na mswaki mdomoni. Nikameza povu.

Naitwa Zipora. Nina diploma ya uandishi wa habari, nina ukurasa wenye wafuasi wa kutosha kunivimbisha kichwa, na nina mdomo. Huu mdomo mama aliwahi kuupeleka kwenye maombi. Maombi bado hayajajibiwa.

Nikaibandika ile picha kabla sijasukutua.

Jua halijapanda vizuri, Bibi Hosiana akabisha hodi. Huyu ni jirani yetu hapa Shinyanga mjini, mjane, mama wa kanisa, mtu asiyepandisha sauti hata akikanyagwa. Siku hiyo hakungoja hata salamu.

"Zipora, hiyo ndege iko wapi?"

"Shikamoo bibi. Iko Mwabusule, upande wa Songwa."

Akakaa chini bila kukaribishwa.

"Hiyo ndiyo iliyomchukua Mabula."

Mabula alikuwa mdogo wake wa kuzaliwa tumbo moja. Aliondoka na mgambo kwenda vita ya Kagera. Wakati huo Bibi Hosiana ameolewa huko Rukwa, barua zenyewe zinafika zikitaka. Aliporudi kusalimia nyumbani, vita imekwisha, akamuuliza baba yao: Mabula yuko wapi?

Baba yao alikuwa mzee wa kanisa, mtu wa maneno machache na kiboko kirefu. Akajibu, "Ndege ilizama naye. Jina lake lisitajwe tena humu ndani."

Halikutajwa. Ndugu waliojua zaidi ya hapo walishahama na ng'ombe wao, na waliobaki walimwogopa mzee. Mzee akafa na neno lake.

"Kama mwanakwetu yumo mle kwenye tope," Bibi Hosiana akasema, "nataka nimzike. Nimezeeka, Zipora. Sitaki kufa nikiwa na mdogo wangu asiye na kaburi. Wewe umesoma. Nitafutie."

Mtu mwenye akili angesema, "Nitajaribu, bibi."

Mimi nilisema, "Bibi, niachie mimi."

Nikapanda bodaboda mpaka Mwabusule. Nilifika nimepakwa vumbi kama mhogo uliovundikwa. Ukingoni mwa lambo nikamkuta Mzee Maduhu, mfugaji, amesimama na fimbo anautazama ule mkia kwa raha, kama mtu anayetazama mahari ikiingia zizini.

Kuufikia mkia haikuwezekana, tope lilikuwa la kummeza ndama. Nikaupiga picha kwa mbali, kisha nikamgeukia mzee na kuwasha kinasa sauti. Nilikuwa na maswali ya kitaalamu.

"Mzee, ndege hii uliiona ikianguka?"

"Haikuanguka. Ilizama."

"Ndiyo, ilianguka, ikazama."

"Binti, nimesema ilizama."

Nikaandika: *kumbukumbu za shahidi zimeanza kuchoka.*

"Ilitokea upande gani?"

"Ule pale." Akanyoosha fimbo ng'ambo ya lambo, penye minyaa.

"Yaani kutoka mpakani?"

"Kutoka pale kwenye minyaa."

"Sawa. Na chini ya mabawa ilibeba kitu?"

"Mapipa."

Nikamsogezea kinasa sauti karibu. Nilikuwa nimesoma mtandaoni, njiani, juu ya bodaboda, kwamba ndege za vita huning'iniza matangi ya mafuta chini ya mabawa. Na mzee huyu hajui hata mtandao unafananaje!

"Yalikuwa yanavuja?"

"Sana! Ndiyo yaliyoizamisha."

"Na rubani?"

Mzee Maduhu akaanza kucheka. Akacheka mpaka akaegemea fimbo.

"Rubani alikuwa anaimba."

Nilifunga kinasa sauti machozi yananilenga. Kijana wa watu, ndege inazama, anaimba! Diploma nzima ile, na sikuuliza swali moja la mtoto wa chekechea: alikuwa anaimba nini?

Usiku huo, baada ya kuvinjari kurasa zote za ndege za kivita duniani, nikaandika. Niliandika kwamba iliyozama Mwabusule ni ndege ya kivita iliyotekwa kutoka kwa adui, ikipelekwa nyuma ya mstari wa mbele na kijana shujaa wa Kisukuma, ikavujisha mafuta, naye akaielekeza lamboni ili isiangukie nyumba za watu. Akafa akiimba wimbo wa taifa.

Ndiyo, wimbo wa taifa. Mzee alisema "anaimba". Mimi nikamchagulia wimbo.

Sura ya ndege nikaitengenezea picha kwa programu ya simu. Ikatoka imara, ya kijani ya jeshi, pua kali kama sindano, matangi chini ya mabawa. Rubani alitokea na vidole sita mkono mmoja. Nikamvisha glovu.

Watu wakasambaza. Wakalia. Mwalimu wangu wa chuo akaandika "hongera". Nikatembea mtaani kama niliyeirusha mwenyewe.

Ndipo ukaingia ujumbe kutoka kwa mtu anayejiita *Thobias Vifaa vya Simu Buseresere*.

"Binti, picha siyo yenyewe. Ile ndege haikuwa ya kijani. Mkia ulikuwa mwekundu na pua ilikuwa sufuria. Wewe umeichora kama mwewe anayeharisha. Futa."

Jamani. Mbele ya mwalimu wangu.

Nikachezesha vidole kama mpiga kinanda. Nikamjibu:

"Kaka Thobias, wewe baki huko Buseresere ubandike vioo vya simu. Historia ya taifa ina wenyewe. Ndege ya vita yenye pua ya sufuria bila shaka ilitumwa kudondosha mabomu ya ubwabwa. Ukipata njaa, itafute."

Watu wakaanguka kwa kicheko. Jibu langu likapendwa kuliko simulizi yenyewe. "Mabomu ya ubwabwa" ikawa salamu ya mjini.

Akarudi na mstari mmoja.

"Mtoto huna adabu. Kwani wewe uliiona?"

Swali zuri sana lile. Nikampiga bloku.

Bibi Hosiana alisomewa simulizi yote na mwanawe Luka, aliyekuja kutoka Segese anakofanya biashara. Akaisikiliza amefumba macho. Pale penye wimbo wa taifa akasema taratibu, "Mabula alipenda sana kuimba." Nikazidi kuvimba.

Ukoo ukakaa. Kwa kuwa mwili hauwezi kutolewa kwenye tope, wakakubaliana wachukue udongo wa ukingo wa lambo, uombewe, ukazikwe nyumbani kando ya baba yake. Mchungaji akakubali. Kwaya ikakubali. Luka akachonga msalaba wenye jina. Mbuzi akafungwa. Ibada ikapangwa Jumamosi, pale pale lamboni, na mimi msomi nikapewa kusoma wasifu wa marehemu.

Ijumaa mchana simu ikaita. Sanket, niliyesoma naye sekondari, sasa anaendesha duka la vifaa vya ujenzi la familia yao hapa mjini.

"Zipora, njoo dukani. Bibi yangu ameona picha ya ule mkia, amecheka mpaka chai imempalia. Sasa hataki kunyamaza."

Bibi yake ni Champaben, ila mji mzima unamwita Mama Hemal. Kazaliwa hapa hapa, na Kisukuma chake kinakiaibisha changu. Nilimkuta kwenye kiti chake kando ya meza ya fedha, miwani puani, simu ya Sanket mkononi.

"Shikamoo, Mama Hemal."

"Marahaba. Ndiwe uliyesema ndege yangu ni ya adui?"

"Ndege… yako?"

"Mabati bapa yangu. Rangi nyekundu yangu. Misumari yangu. Mapipa matupu yangu. Na sufuria yangu ya harusi, ile kubwa, mpaka leo haijarudi!"

Nilimwonyesha tena ule mkia kwenye simu.

"Mama Hemal, ni ndege ya vita."

"Ya vita vya ngoma, mayu! Ngoma! Wewe Msukuma wa wapi?"

Akanieleza kama anavyoelezwa mtoto. Vita imekwisha, mavuno yameingia, vijana wamerudi. Bagika na Bagalu, vile vyama viwili vya ngoma vya Wasukuma, wakapanga kushindana Mwabusule. Nanyi mnajua mashindano yetu: ngoma mbili zinachezwa wakati mmoja, uwanja mmoja, na mshindi ni yule anayevutia umati mkubwa. Ndiyo maana wachezaji huleta vituko, mara nyoka, mara fisi, mara sanamu linalotembea. Watu wakikukimbia kwenda kwa mwenzako, umekwisha.

"Manju wa Bagika, yaani kiongozi na mwimbaji wao, alikuwa kijana ametoka vitani," akasema. "Kichwani mwake ni ndege tu. Akaja hapa dukani, akachora sakafuni kwa chaki. Akajenga ndege, akaifunga juu ya mapipa, itokee kwenye minyaa ije inaelea juu ya lambo huku yeye amesimama ndani anaimba. Tulikwenda kuangalia, familia nzima. Ikatokea! Mkia mwekundu, pua sufuria yangu inang'aa! Wapiga ngoma wote wakapanda na ngoma zao. Mapipa yakaanza kuvuja…"

Akacheka tena, akajipangusa kwa ncha ya sari.

Mimi sikucheka. Ndege haikuanguka, ilizama. Kutoka kwenye minyaa. Mapipa. Rubani anaimba. Mzee Maduhu alikuwa amenipa habari yote, nami nikaipaka rangi ya kijani.

"Yule manju," nikauliza, "aliitwa nani?"

"Mabula. Mtoto wa yule mzee wa kanisa mkali."

"Alikufa maji?"

"Afe vipi? Walivutwa nje kwa kamba iliyokuwa ikiivuta ndege, wote, wametapakaa tope kama kambare. Baba yake alikuwa amekuja kumkamata, maana kanisa lao lilikataza ngoma. Akamkuta anavuliwa majini mbele ya nchi nzima. Akamwambia, 'Usirudi kwangu.' Mabula hakurudi. Nilisikia alikwenda Geita kuchimba dhahabu."

Hapo ndipo lile neno liliponirudia kichwani na kunipiga kama bati lililong'olewa na upepo.

Sufuria.

Nani mwingine hapa duniani alijua kuhusu pua ya sufuria?

Nikaketi juu ya mfuko wa saruji. Nikamtoa Thobias kwenye bloku, nikapiga namba iliyo kwenye ukurasa wake.

"Haloo, Thobias hapa, vioo, chaji, kava."

"Kaka Thobias, samahani, naitwa Zipora wa Shinyanga…"

"Eeh! Wa ubwabwa!" Nikamsikia akipaza sauti pembeni. "Mzee Mabula! Mzee! Yule wa ubwabwa amepiga!"

Thobias amepanga kibanda mbele ya gesti. Gesti ni ya Mzee Mabula. Na Mzee Mabula, ambaye hana simu ya maana, huazima ya mpangaji wake kusoma habari za dunia.

Sauti nzito ikaingia.

"Umerekebisha picha?"

"Mzee, shikamoo."

"Marahaba. Umerekebisha picha?"

"Mzee wangu, naomba unisamehe sana. Dada yako Hosiana…"

"Usimtaje. Hosiana alifia Rukwa, kipindupindu. Niliambiwa na mchimbaji aliyetoka huko. Siku ile nilifunga duara, shimo langu la dhahabu, sikuchimba."

"Yuko hai, mzee. Ni jirani yangu."

Nilisikia redio ya gesti, na mtu akiagiza soda.

"Yuko hai," nikarudia. "Na kesho anakuzika."

Ilipotoka tena, ile sauti nzito ilikuwa imekonda.

"Kesho saa ngapi?"

"Saa nne."

"Msianze bila mimi."

Nikakimbia kwa Bibi Hosiana. Alikuwa anapiga pasi gauni jeusi.

"Bibi! Mabula hayumo lamboni! Mabula yu hai, ana gesti Buseresere!"

Hakuinua macho.

"Juma lililopita ulisema yumo. Ukaandika mpaka alivyokufa, na wimbo aliokuwa akiimba. Leo hayumo, ana gesti. Kesho utasema ni waziri?"

"Bibi, naapa…"

"Usiape, Zipora. Mdomo wako umenichosha." Akageuza gauni upande wa pili. "Ibada iko pale pale. Nitaamini nikimshika."

Nimewahi kutukanwa na mabingwa. Hakuna aliyenipata kama yule bibi asiyepandisha sauti.

Jumamosi tukajipanga ukingoni. Msalaba, kwaya, mchungaji, mbuzi analalamika kwa niaba ya wote. Mzee Maduhu naye alifika, amevaa kofia mpya. Saa nne ikafika, ikapita. Mchungaji akanitazama. Nikakohoa. Nikaisoma karatasi ya wasifu kimoyomoyo kana kwamba haikuandikwa na mimi.

"Dada Zipora, tuanze?"

"Mchungaji, tuombe kwanza."

"Tumeshaomba."

"Tuombe tena."

Ombi la pili lilikuwa halijafika "amina" vumbi lilipotimka barabarani. Gari likasimama vibaya. Akashuka mzee mwenye kitambi, suti ya kahawia, miwani ya jua. Akaona msalaba. Akalisoma jina lake.

"Mmenipunguzia herufi," akasema.

Luka akauficha msalaba nyuma ya mgongo.

Bibi Hosiana akatoka kwenye mstari wa akina mama, polepole, kitabu cha nyimbo kifuani. Akasimama mbele ya yule mzee. Akamtazama toka viatu hadi upara.

"Umenenepa."

"Nina gesti."

Akampiga na kitabu cha nyimbo kifuani. Akampiga tena. Mara ya tatu kitabu kikaanguka, naye akamwangukia mwenyewe, akalia kwa sauti ambayo mtaa wetu haujawahi kuisikia kutoka kwake. Mzee Mabula akawa anasema tu, "Dada. Dada. Waliniambia umekufa, dada."

"Na wewe ukaamini?"

"Na wewe je?"

Kwaya ilikuwa imeandaa nyimbo za mazishi. Mwalimu wao akahangaika na makaratasi, mwishowe wakaimba wimbo wa Krismasi.

Mimi nikamwendea Mzee Maduhu kwa hasira iliyokosa pa kwenda.

"Mzee, mbona hukuniambia?"

"Uliniuliza maswali, nikayajibu yote."

Hapo Mzee Mabula akamwona. Miwani ikashuka.

"Maduhu."

"Mabula. Karibu uone ndege yako. Kila kiangazi kikali huwa nakuja kuisalimia."

Kumbe Mzee Maduhu ndiye aliyekuwa manju wa Bagalu siku ile! Na wimbo aliokuwa akiimba "rubani" wangu ulikuwa wa kumchamba yeye, ukoo wake na ng'ombe wake.

"Ulinishinda," Mzee Mabula akasema kwa taabu. "Nimekaa Buseresere miaka yote hii nikijua ulinishinda. Si baba peke yake aliyenizuia kurudi. Ningepitaje Mwabusule? Hata nilipoiona picha ya huyu binti nilitaka tu sura ya ndege iwe sahihi. Kuzama ilizama, lakini ilikuwa nzuri."

Mzee Maduhu akachora mstari kwa fimbo. Akawa mtu anayetafuna kitu kigumu.

Na mimi, kwa mara ya kwanza katika habari hii yote, nikauliza swali la maana.

"Mzee Maduhu. Wakati ndege inazama, watu walikuwa upande wa nani?"

"Walikuwa… walikimbilia kule."

"Wote?"

"Hata wapiga ngoma wangu," akanong'ona. "Hata mke wangu. Nilibaki nacheza na mbwa."

Nikamgeukia Mzee Mabula.

"Na mshindi ni nani, kwa sheria ya ngoma?"

Akautazama mkia wake mle kwenye tope. Kisha akakaa chini, na suti yake yote, akajifunika uso kwa viganja, mabega yakitikisika. Nikadhani analia. Alikuwa anacheka. Kisha akawa analia. Bibi Hosiana akaketi kando yake, akamshika sikio kama anavyoshikwa mtoto mtoro.

"Nilishinda, dada."

"Ulishinda, mjinga wewe. Twende nyumbani."

Mzee Maduhu akavua kofia yake mpya, akamvisha. Mbuzi hakusamehewa.

Jioni ile nikaandika masahihisho. Nilijianika uchi: kinasa sauti, mapipa, wimbo wa taifa, glovu. Nikaichora ndege upya, mkia mwekundu, pua ya sufuria. Sijawahi kusomwa na watu wengi hivyo tangu nijue kalamu. Walikuja kutoka kila kona kunitazama nikizama, na mwalimu wangu wa chuo akiwemo. Kwa sheria ya ngoma, najihesabu mshindi.

Lakini mwenzangu mwenye mdomo kama wangu, nikuachie hili. Mtu akikwambia umekosea, kabla hujamchamba, kabla hujampiga bloku, muulize neno moja tu: "Umejuaje?" Neno hilo lingemrudishia Bibi Hosiana mdogo wake tangu siku ya kwanza. Mimi nilikuwa na maneno mengi. Hilo tu sikuwa nalo.

Mzee Mabula ameshaiona picha mpya, kwa simu ya Thobias. Akaandika:

"Sasa sawa. Ila sufuria ilikuwa kubwa zaidi."

Chini yake Mama Hemal akajibu kwa simu ya Sanket: "Kama unaikumbuka hivyo, irudishe."